Mkimbizi Si Mtoro: Miaka Yangu Nyuma ya Kaunta ya Bunduki

Vijana wangu wa mtaa huu wa Newburg, hapa Louisville, nimewasikia mkinicheka nje ya kanisa. "Yule bibi aliuza bunduki." Ndiyo, niliuza. Mama yangu alinivusha mpaka akiwa amenibeba mgongoni, akikimbia bunduki, nikakulia kambini Kigoma kwa sababu ya bunduki, nikapandishwa ndege kuja Kentucky kwa sababu hiyo hiyo, halafu nikaishia kusimama nyuma ya kabati la kioo nikiwaonyesha Wamarekani bastola kama mtu anayeuza vitenge. Chekeni. Mkimaliza, nyamazeni mnisikilize, maana nimekasirika, na hasira hii haikuanza leo.

Leo imewashwa na mmoja wenu. Jina lake nalificha kwa ajili ya mama yake. Alinifuata kwenye maegesho baada ya ibada akaniambia, "Bibi, wewe unawajua wale watu wa duka. Ninunulie moja kwa jina lako. Mimi nina kesi ya gari ambayo sikwenda." Alisema hivyo akitabasamu, kana kwamba ananituma mkate.

Kwanza, mwanangu, ukimtuma mtu akununulie bunduki kwa jina lake, nyote wawili mmevunja sheria ya nchi nzima, na hapo hakuna bibi wala mjukuu, wote jela. Pili, hiyo kesi ya gari uliyoikimbia haijafa. Wewe umehama nyumba, barua imekwenda anwani ya zamani, hakimu amekuita hukutokea, ameandika hati ya kukamatwa. Hati ile haichoki kama askari na haizeeki kama mimi. Inalala ndani ya kompyuta ikikungoja. Siku utakayosimamishwa kwa taa ya nyuma iliyoungua, itaamka. Nenda mahakamani. Vaa shati safi, nenda. Hayo nakwambia bure.

Sasa niwaambie niliyajuaje haya.

Nilianza ghala la mizigo kama mama zenu wote. Mgongo ukakataa. Mwanamke mmoja wa mtaani akaniambia kuna duka la bunduki lenye uwanja wa kulengea shabaha ndani, wanatafuta mtu wa kufagia maganda ya risasi. Nikaenda. Siku ya kwanza kila mlio uliposikika nililala chini na ufagio wangu. Wateja wakadhani nasali.

Aliyeniinua sakafuni alikuwa mzee Harlan, meneja wa duka, mtu wa Kentucky aliyewahi kuwa jeshini, sharubu kama brashi ya viatu. Hakucheka. Alisema, "Mtu anayeiogopa bunduki ndiye ninayemtaka kaunta. Wanaoipenda sana ndio wanaonitoa jasho." Ndivyo nilivyopandishwa, vijana, kwa woga wangu.

Harlan alinifundisha kazi kwa maneno machache. Usimpe mteja silaha kabla ya kuifungua na kumwonyesha kwamba haina kitu, hata kama umeifungua dakika iliyopita. Mtazame mikono, uso unadanganya. Mtu akija na mwenzake, na mwenzake ndiye anayechagua, na yule asiyejua kitu ndiye anayejaza fomu, rudisha silaha kabatini useme duka limefungwa, hata kama ni saa nne asubuhi. Na mteja akisema ana haraka, wewe punguza mwendo. "Hakuna mwindaji mwenye haraka," alisema. "Kulungu hana miadi."

Nilikosea mengi. Kila mnunuzi alikuwa lazima achekiwe: anajaza fomu, mimi napiga simu kwenye kituo cha serikali, nasoma jina, wao wanatafuta kwenye rekodi zao. Majibu yalikuwa matatu. Endelea, maana yake muuzie. Hapana, maana yake usimuuzie. Na la tatu, ndilo lililoniharibia usingizi: Subiri. Mwanzoni nilipoambiwa nitaje jina herufi kwa herufi, nilisema, "K kama Kigoma, B kama Bujumbura." Dada wa kule kwenye simu akauliza kama simu imeharibika. Harlan alicheka mpaka akakalia sanduku la risasi.

Kulikuwa na swali moja kwenye fomu linauliza kama wewe ni mtu anayeikimbia sheria, yaani una hati ya kukamatwa na umejificha. Siku moja akaja mzee Mkongomani, mtu wa heshima, anataka bunduki ya kuwindia bata na wenzake wa kiwandani. Mpwa wake akamtafsiria: "Mjomba, wanauliza kama wewe ni mkimbizi." Mzee akajibu kwa fahari, "Ndiyo! Tangu Uvira!" Akaweka alama ya ndiyo kwa kalamu nzito. Ilibidi niichukue fomu ile, nimpe mpya, nikae naye nimwelezee. "Baba, mkimbizi ni wewe na mimi. Tulikimbia vita. Hapa wanamuuliza mtoro, aliyekimbia hakimu." Mzee alikasirika kweli kweli. "Mimi nimkimbie hakimu? Mimi niliyengoja miaka yote ile nipigiwe mihuri?" Alikuwa na haki ya kukasirika. Mkimbizi si mtoro. Mkimbizi ni mtu aliyejibu kila swali waliloweza kumuuliza, mara nyingi kuliko idadi ya nywele zake.

Msidhani hati zile ni za majambazi tu. Tulikuwa na mteja mwingine, mzee wa kizungu aliyekuja kila vuli kununua risasi za kulungu. Mwaka mmoja akataka bunduki mpya. Nikapiga simu, nikajibiwa Hapana papo hapo. Kumbe mbwa wake alizurura kwa jirani, mzee akaitwa mahakamani hapa hapa Louisville, akasahau, hati ikaandikwa. Kabla hajamaliza kahawa, askari wawili wakaingia wakamfunga pingu mbele ya kaunta. Alinigeukia akasema, "Bibi, tafadhali nishikie mbwa, yuko kwenye gari." Yule yule mbwa mwenye kesi! Alishinda dukani akibwekea karatasi za shabaha mpaka binti wa mzee alipokuja kumchukua. Tulicheka. Lakini nataka mkumbuke kasi ile mnaposikia haya yanayofuata. Kwa mbwa, kompyuta ilijua, simu ilijibu, askari walikuja kahawa ikiwa bado moto.

Sasa Faustin.

Faustin alikuja kanisani kwetu akiwa peke yake, kijana Mkongomani mrefu, mchangamfu, mpiga ngoma ambaye kwaya ilimgombania. Alisaidia kupanga viti. Aliwabeba wazee mpaka majumbani kwao kwa gari lake. Mimi mwenyewe nilimpikia maharage. Alikuwa tayari amepata kitambulisho cha Kentucky na kazi ya kupeleka vifurushi.

Siku moja asubuhi akaingia dukani. Ilikuwa katikati ya ile miaka ya elfu mbili na kumi, na Harlan alikuwa ameshaacha kazi kwa ugonjwa wa mapafu. Mahali pake alikaa Craig, mpwa wa mwenye duka, kijana wa heshima zake, mpole, aliyesoma biashara.

"Mama, shikamoo," Faustin akasema. "Kumbe unatumika huku?"

"Marahaba. Ndiyo, kazi hii ndiyo inayonipa ugali. Umepotea?"

"Hapana. Mi natumika ya usiku, kupeleka bitu mu manyumba ya batu. Donc, niko na lazima ya ka-bastola ka kujikinga. Mambo ya huku unayajua."

Kwa Kiswahili cha kwao Kongo, kutumika ni kufanya kazi, bitu na batu ni vitu na watu, na donc ni basi kwa Kifaransa. Akachagua bastola ndogo, ya kuficha kiunoni. Nikamtazama mikono. Ilikuwa imetulia. Nikampa fomu, akajaza vizuri, kwenye swali la mtoro akaweka hapana. Wakati ule tulishaacha simu, tunacheki kwa kompyuta. Nikatuma. Jibu likaja: Subiri.

Nikamuuliza kama mtu anayepiga soga, "Kabla ya huku ulikuwa wapi, mwanangu?"

"Columbus," akasema. "Bon, haina matatizo. Nitangoya."

Ndugu zangu wengi wako Columbus, jimbo la jirani la Ohio. Mdogo wangu Consolata yuko huko, anafanya kazi ya ghala. Wakati wa mapumziko ya mchana nikampigia nimwulize kama anamjua kijana wa ngoma anaitwa Faustin. Nikasikia anaweka kitu chini.

"Yule Faustin wa Espérance?" akasema. "Dada, yule si alimvunja mkewe taya! Sisi ndio tuliompeleka hospitali. Aliitwa mahakamani, hakwenda. Askari walikuja kumuuliza mpaka kwetu. Kumbe yuko kwenu?"

"Na mkewe?"

"Amekimbilia Buffalo, jimbo jingine tena, na watoto, kwa kaka yake. Faustin anamtafuta kila kona. Anawapigia watu simu anasema anataka kuomba msamaha."

Nilikaa juu ya ndoo ya kupigia deki na simu mkononi. Nilijua kwamba Subiri ile haikuwa ya bahati mbaya. Kuna kitu walikuwa wamekiona.

Sasa sikilizeni vizuri kuhusu sheria hii, maana ndipo hasira yangu ilipojenga nyumba. Jibu likiwa Subiri, serikali inapewa siku tatu za kazi kutafuta. Siku hizo zikipita hawajajibu, duka linaruhusiwa kumpa mteja silaha. Linaruhusiwa. Kwa Harlan hilo halikuwa na maana yoyote. Alikuwa na desturi yake: pasipo jibu, hapatoki bunduki, hata mteja angoje mpaka Pasaka. "Sheria inakuambia lini unaruhusiwa kuuza," aliniambia. "Haijakuambia lini umelazimishwa." Craig alipokuja, desturi ile aliifuta. Alisema tunapoteza wateja kwa maduka mengine.

Basi nikapiga simu. Nilikipigia kituo kile cha kucheki, nikaeleza ninayoyajua. Dada aliyepokea alikuwa na adabu. Alisema ataongeza maelezo kwenye faili, na kwamba wameulizia Columbus na bado hawajajibiwa. Hakuruhusiwa kuniambia zaidi.

Nikapiga simu kituo kimoja cha askari huko Columbus. Nilihamishwa kutoka mtu hadi mtu, nikisikiliza muziki wa kungojea, mpaka nikampata bwana mmoja aliyefungua kompyuta yake.

"Ndiyo, hati ipo," akasema.

"Basi mimi najua alipo. Yuko Louisville. Naweza kukupa mtaa."

"Mama, hati hii ni ya kumchukua akiwa kaunti hii na za jirani. Nje ya jimbo hatumfuati."

"Kwa nini?"

"Ni safari, ni askari wawili, ni mafuta. Kwa makosa ya aina hii hatuendi."

"Makosa ya aina gani? Amemvunja mtu taya!"

"Akirudi Ohio tutamkamata," akasema, akanitakia siku njema.

Nikamfuata askari wa Louisville ambaye alikuja kulenga shabaha kwetu. Alinisikiliza, akaenda kuuliza, akarudi akikuna shingo. "Siwezi kumkamata kwa ajili ya watu ambao hawatakuja kumchukua. Ningemkamata, ningemwachia jioni."

Mnaona? Mzee wa mbwa alifungwa pingu kwa sababu alikaa nyumbani kwake. Faustin, kwa kuwa alikuwa na akili ya kuvuka mto Ohio, akawa huru. Hata wakubwa wa serikali wenyewe miaka ile walikuwa wakibishana, ofisi hii ikisema mtoro ni yeyote mwenye hati, ofisi ile ikisema mpaka awe amevuka jimbo. Kwa tafsiri zote mbili Faustin alikuwamo! Kilichokosekana ni mtu mmoja, kwenye ofisi moja, kunyanyua simu aseme, "Ndiyo, hati hii bado hai." Basi. Hicho tu.

Siku zikapita. Jibu halikuja. Faustin akaja, shati la kitambaa, manukato, kana kwamba anakwenda kuposa.

"Mama, siku zimetimia," akasema.

"Jibu halijaja. Siwezi kukupa."

"Lakini internet inasema munaweza nipa."

"Tunaweza. Mimi sitaki."

Aliacha kutabasamu. Hapo ndipo nilipoona mikono: vidole vilianza kugonga kioo, polepole, kama mtu anayepima ngoma kabla ya ibada. Craig akatoka ofisini kwake.

"Kuna tatizo?"

Nikamvuta pembeni, nikamweleza yote. Mke, taya, Columbus, hati, simu. Nilisema Kiingereza changu chote nilichonacho na kingine nikaazima. Alinisikiliza kweli, siwezi kumsingizia. Halafu akasema:

"Hayo umeyasikia kwa dada yako."

"Na kwa askari wa Columbus."

"Ambao wamekwambia hawamtaki. Na wa hapa naye hamtaki. Na kituo cha kucheki hakijasema hapana. Askari wenyewe wakimwacha, mimi muuza duka ni nani nimzuie?"

"Wewe ndiye mwenye bastola!" nikasema. "Wao wana makaratasi. Bastola unayo wewe!"

"Nikimnyima mkimbizi Mwafrika anachopewa na sheria, kesho analeta wakili anasema namnyima kwa rangi yake."

"Mimi ni mkimbizi Mwafrika. Mwambie nimemnyima mimi."

Craig akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniudhi kuliko kofi. Alikwenda kaunta mwenyewe, akafungua kabati, akaifungua bastola akamwonyesha Faustin kwamba haina kitu, kwa utaratibu kabisa, kama tulivyofundishwa. Akaitia kwenye boksi. Akamtakia siku njema.

Faustin alipopita mbele yangu alisema kwa Kiswahili, ili Craig asielewe, "Mama, wewe ni mama yetu ao ni polisi?"

Niliingia chumba cha nyuma nikamtafuta Consolata kwa simu anipe namba ya Espérance kule Buffalo.

Espérance alipokea akiwa kazini. Alikuwa akitunza wazee huko Amherst, kando ya Buffalo, nikasikia televisheni ya mgonjwa wake. Nikajitambulisha, nikamwambia: mume wako yuko Louisville, ametoka dukani kwetu sasa hivi na bastola, ondoka kwa kaka yako leo.

Akasema, "Mama, nimechoka kukimbia. Nitaenda wapi tena? Batoto bamezoea masomo."

"Mwanangu, mimi pia nimekimbia. Najua. Utachoka ukiwa hai. Toka."

"Kaka hatakubali kutoka."

"Basi toka wewe na watoto."

Akalia kidogo, kwa sauti ya chini ili mgonjwa asisikie. Halafu akaniuliza kitu ambacho sijakisahau: "Na polisi banasema nini?"

Nikasema, "Wanasema akirudi Ohio."

Jioni ile mwenzake wa kazi alimpokea yeye na watoto nyumbani kwake, karibu na chuo kikuu kule Amherst. Kaka yake, Dieudonné, nilizungumza naye pia. Mtu wa kiwandani, mkaidi, mwenye sauti ya kicheko. Alisema, "Mama, hii nyumba mi ndiye nalipa loyer, kodi yake. Siwezi kimbia ku nyumba yangu. Tena Faustin ni shemeji. Tutaongea kama banaume." Aliwapigia askari wa huko, wakamwambia mtu akifika awaite.

Faustin alifika mtaa wa Kensington-Bailey, kwa Dieudonné, Jumapili mchana, watu wakirudi makanisani, watoto wakiendesha baiskeli. Aligonga. Dieudonné akamjibu kutoka ndani, mlango umefungwa: "Shemeji, hayuko hapa. Twende tukae tuongee, lakini nje, na mikono nikiiona." Majirani walisikia. Faustin akapiga risasi kupitia mlango. Moja ilimwingia Dieudonné kwenye nyonga. Jirani ndiye aliyemfunga jeraha kwa taulo mpaka gari la wagonjwa likaja. Faustin walimkamata mtaa wa pili, ndani ya gari lake, akilia kama mtoto.

Nilijulishwa siku ile ile. Binti yangu Neema alinikuta nimekaa kwenye ngazi za nyumba, akaniambia kwa Kiingereza, kama kawaida ya watoto wa huku, niache kazi ile, niende hata kuosha vyombo.

Siku mbili baadaye simu ya dukani ikalia. Nikapokea. Sauti ya mwanamume, ya adabu, kutoka kituo cha kucheki. Akataja jina la Faustin herufi kwa herufi. Akasema wamepata uthibitisho kutoka Columbus. Jibu ni Hapana. Akauliza, "Je, silaha mmeshamkabidhi?"

Nilibonyeza kitufe cha spika. Nikamwita Craig. Nikasema, "Tafadhali rudia, bwana, meneja yuko hapa."

Akarudia neno kwa neno. Craig alishika ukingo wa kaunta. Uso wake ulikuwa kama chokaa. Nilimwambia, "Mjibu. Anakuuliza bastola iko wapi." Akanisogezea simu. Nikamjibu yule bwana mimi: "Iko Buffalo, bwana. Iko kwa askari wa Buffalo. Na risasi moja iko hospitalini."

Yule bwana akasema, "Samahani sana." Naamini alisikitika. Wote walisikitika. Sijawahi kukutana na watu wenye huzuni nzuri kama wale.

Kwa nini sikuacha kazi? Mmeniuliza, na Neema ameniuliza kuliko nyinyi. Kwa sababu ningetoka mimi, angeingia asiyeogopa. Nilikwenda kwa mwenye duka mwenyewe, mjomba wa Craig, nyumbani kwake, nikakaa sebuleni bila kuvua koti. Nikamwambia desturi ya Harlan irudi, la sivyo nitasimama kwenye kila kanisa la Kiswahili kuanzia hapa mpaka Columbus na Buffalo nieleze bastola ile ilitoka kabati gani. Alijaribu kunieleza sheria. Nikamwambia sheria naijua, mimi ndiye ninayeisoma kaunta. Siku iliyofuata karatasi ikabandikwa ukutani: pasipo jibu, hapatoki silaha. Nilifanya kazi chini ya karatasi ile mpaka nilipostaafu, nikatukanwa kwa lugha zote, na kila aliyeniambia "Sheria inasema lazima unipe" nilimvutia kiti nikamwambia, "Haisemi hivyo. Kaa, tungoje pamoja." Wengi walikaa. Wengine walikwenda duka lingine, wakapewa. Hilo nalo liwakasirishe.

Niliitwa Buffalo kutoa ushahidi kwenye kesi. Nilivaa kitenge changu cha Pasaka. Mwendesha mashtaka aliniuliza kama namtambua Faustin, nikasema ndiyo. Faustin hakuniinulia macho. Kisha wakili wake akasimama, kijana aliyenyoa vizuri, akauliza, "Mama, siku ile mteja wangu alipokabidhiwa silaha, je, duka lenu lilivunja sheria yoyote?"

Niligeuka kumtazama hakimu, kama kuna mtu angeniokoa na swali lile.

"Hapana," nikasema.

"Sauti juu kidogo, tafadhali, iingie kwenye kumbukumbu."

"Hapana. Halikuvunja."

"Asante, mama."

Faustin alifungwa, tena miaka mingi. Sikupata raha niliyoitegemea.

Kwenye korido Espérance alinikumbatia. Taya lake lilikuwa limepona likakaa upande kidogo, ukimtazama sana ndipo unaona. Dieudonné alikuwa amekaa kwenye benchi na magongo yake. Kiwandani hawakumrudisha, kwa kuwa kazi ile ni ya kusimama. Alinitazama akauliza, bila ukali, kama mtu anayeuliza njia:

"Donc, mama, bale batu bote balifanya muzuri?"

"Hapana, mwanangu," nikasema. "Walifanya halali."

Akafikiri. "Sasa mi nimukasirikie nani?"

Nilitaka kumpa jina. Nilikuwa nayo mengi: yule wa mafuta na safari, yule wa kukuna shingo, Craig, yule asiyenyanyua simu, walioiandika sheria. Kila nililolishika lilikuwa na mtu mpole nyuma yake anayesema samahani. Nikamwambia, "Sijui. Mimi nawakasirikia wote."

Tulitoka mpaka barabarani, Espérance akaenda kuleta gari. Watoto walikuwa kiti cha nyuma wakigombania chipsi kwa Kiingereza. Dieudonné alifungua mlango wa mbele, akatanguliza magongo, akakaa, kisha akaanza kuuingiza ule mguu kwa mikono yake miwili, kidogo kidogo, akiuma meno. Watoto wakaacha kugombana. Nyuma yetu gari lingine likapiga honi. Nikageuka nikamnyooshea yule dereva kiganja changu: subiri. Akapiga tena. Sikusogea mpaka mguu ulipoingia.